Hotpoti Iliyopita Getini Kwangu

Nimestaafu. Wenzangu mlionipa keki na kadi yenye picha ya mbwa mlinzi, ahsanteni sana, ingawa mpaka leo sijui yule mbwa alikuwa nani kati yetu. Mliniomba niwaandikie mawili matatu ya kazi. Nilikataa kwa adabu, kisha nikaenda kununua daftari. Vyeo sitavitaja: nilipata viwili, na cha pili kilikuja na kofia tu. Mshahara nao nauacha, maana haukuwahi kunichekesha. Nitasema habari za geti, kwa sababu geti ndilo lililonifundisha watu, na siku moja likanifundisha na mimi ni nani.

Niliingia kazi ya ulinzi mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye kiwanda cha koki na valvu za shaba huko Barking, London. Msidhani nilichaguliwa kwa ujasiri. Nilichaguliwa kwa kuwa mwanamke. Upande wa kufungasha mizigo walikuwa wanawake watupu, na ilikuwa lazima wapekuliwe na mwanamke mwenzao, na yule aliyekuwepo alikuwa ameolewa akahamia Leicester. Mimi nilikuwa nasafisha ofisi za kiwanda hicho hicho. Mwenye kiwanda, Bwana Jayanti, Mhindi aliyezaliwa Kisumu na Kiswahili chake cha Kisumu bado kikiwa moto, alinikuta nafuta dirisha lake.

"Mama, wewe naogopa watu?"

"Watu gani?"

"Watu tu."

"Siogopi."

"Basi kesho kuja geti."

Hiyo ndiyo ilikuwa interview. Nyinyi mnaojaza fomu za kurasa kumi na mbili mnanihurumisha.

Siku ya kwanza nilivaa suruali ya sare iliyoshonwa kwa ajili ya mtu mrefu kuliko mimi kwa shibiri nzima, nikaikunja, nikaenda kumsalimu mkuu wa geti. Aliitwa Mzee Barasa, Mkenya wa Bungoma, mrefu kama mlingoti, na masharubu aliyoyachana kila asubuhi kabla hajafungua geti. Mimi ni mtu wa Tanga, sijui salamu nyingine kwa mtu aliyenizidi umri. Nikasema, "Shikamoo."

Aligeuka nyuma kutazama nani kaingia. Alipoona hakuna mtu alishtuka. "Ai, mama. Hiyo shikamoo utaniua nayo. Niambie tu habari."

Sikuacha kumwamkia, naye hakujifunza kuitikia marahaba. Miaka yote ile nilisema shikamoo, yeye akajibu "Sawa sawa," na tukaelewana.

Somo lake la kwanza lilikuwa nyuma ya lori. Aliniuliza kama limefungwa. Nikatazama kufuli, nikatazama sili yenye namba, nikalinganisha namba na karatasi, nikasema limefungwa barabara. Akanishika bega akanisogeza upande wa pili wa mlango, kwenye bawaba. "Kufuli ni ya kuonyesha wageni," alisema. "Mwizi anakuja hapa. Anatoa hizi bolti, anafungua mlango mzima na kufuli yake, anachukua yake, anarudisha. Kufuli haijaguswa. Wewe angalia rangi." Rangi iliyopakwa juu ya bolti ikiwa imepasuka, kuna mtu amezizungusha. Nimekagua malori kwa tochi na kidole tangu siku ile, na mpaka leo nikipanda basi natazama bawaba za mlango. Nyinyi mna kamera saba. Tazameni bolti.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: tochi, kioo kwenye fimbo ndefu cha kutazamia chini ya magari, mizani, daftari la upekuzi, na chaki. Chaki ilikuwa ya mapipa ya machicha. Machicha ndivyo tulivyoziita zile nyuzi za shaba zinazotoka kwenye mashine za kukereza, maana zinafanana kabisa na nazi iliyokamuliwa. Jioni Mzee Barasa alichora mstari ndani ya pipa, na asubuhi kama machicha yameshuka chini ya mstari, kuna mtu amekula nazi yetu. Kazi hiyo ya chaki aliifanya kwa uso mzito kama mtu anayechora mpaka wa nchi.

Upekuzi wangu wa kwanza ulikuwa fedheha. Siwezi kumtia mtu mkono mfukoni kabla sijamjulia hali. Nilimuuliza mama wa kwanza habari za kazi, za nyumbani, za watoto, za mgongo, na Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kukokota. Foleni ikafika barabarani. Basi lao likaja likaondoka. Mzee Barasa alitoka kwenye kibanda chake mbio.

"Mama, hapa ni search, si matanga!"

Nilinuna. Lakini sikuacha salamu, nilizifupisha tu, na salamu ndizo zilizonipa mwizi wangu wa kwanza. Alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, ambaye kila jioni alinieleza habari za paka wake mpaka nikamjua paka yule kwa tabia zake. Siku moja nikamuuliza, "Na paka?" Akajibu, "Fine." Neno moja! Nikamwomba avue buti. Buti ya kushoto ilikuwa na koki mbili, ya kulia tatu. Kesho yake Mzee Barasa aliniletea kiti chenye mto.

Kesi nyingine zilikuwa za kuchekesha zaidi kuliko za hasara. Kulikuwa na kijana wa kupaka rangi aliyevunjika mkono akafungwa plasta. Tulimhurumia, tukawa tunamfungulia mlango. Mzee Barasa ndiye aliyegundua kwamba wiki ya kwanza plasta ilikuwa mkono wa kulia na wiki ya tatu iko wa kushoto. Ndani yake mlikuwa na nyaya za shaba zilizosukwa vizuri kama ukili. Kijana alilia, na mimi nilikaribia kulia naye, maana alikuwa amesuka kwa ustadi na hakuna aliyemsifu.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini Bwana Jayanti alinunua mashine mpya za kukereza, na hapo ndipo balaa lilipoingia. Mashine zile zilikuwa na meno. Jina lake la kitaalamu sikulishika, lakini ni vipande vidogo vya madini magumu mno, kila kimoja kama ukucha wa kidole gumba, ambavyo hufungwa kwenye ncha ya mashine ili kukata chuma. Ni vidogo, ni ghali, na kila karakana London inavihitaji. Kwa mtu mwenye tamaa ni bora kuliko dhahabu, kwa sababu dhahabu watu huuliza umeitoa wapi. Meno yakaanza kupotea. Si moja moja. Boksi kwa boksi, kila wiki, na mashine zikawa zinasimama fundi anasubiri jino.

Bwana Jayanti alileta kitufe. Nyinyi wa sasa mmekikuta ukutani mkadhani kilizaliwa na jengo. Kila anayetoka anakibonyeza: kikiwaka kijani unapita, kikilia unapekuliwa, na hakuna mtu anayejua kitamlilia nani. Bwana Jayanti alisema hata yeye atabonyeza, ili awe mfano. Kikamlilia siku tatu mfululizo. Siku ya tatu Mzee Barasa alitoa kwenye mfuko wa koti la bosi gazeti lililolowa mafuta, na ndani yake bhajia sita. Daktari alikuwa amemkataza vya kukaanga, na mkewe alikuwa akimngojea kwenye gari nje ya geti.

"Barasa," alisema kwa sauti ya chini, "hii si mali ya kiwanda."

"Ndiyo, sir. Lakini iko kwa daftari."

Mzee Barasa ndiye aliyesema, wiki hiyo hiyo, kwamba na sisi walinzi tubonyeze. Tulikuwa watu pekee tuliopita geti lile bila kuguswa na mtu. Alinieleza kwa upole kwamba kwa kuwa hakuna mwanamke mwingine getini, mkoba wangu ataufungua yeye. Wanangu, niliwaka. Nilimuuliza kama amenikosea adabu kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Mkono wa mwanamume ambaye si mume wangu wala ndugu yangu, ndani ya mkoba wangu? Mimi niliyemwamkia kila siku ya Mungu? Sikumsemesha siku mbili. Siku ya tatu alikuja na chai, akasema, "Basi, mama. Yaishe." Yakaisha, na walinzi hatukubonyeza. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyofanya kazini, na nililifanya kwa heshima zote.

Sasa nije kwa Mzee Leonard. Stoo ya vifaa, pamoja na meno, ilikuwa mikononi mwa Mwingereza huyu mwenye nywele nyeupe aliyekuwa fundi wa mitambo kwenye mashamba ya mkonge Tanga kwa miaka tisa. Tanga! Alijua barabara zetu kwa namba, alijua nani anauza samaki wazuri, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha Bwana Jayanti, na tuseme ukweli, kizuri kuliko cha Mzee Barasa. Nilimpa shikamoo akaitikia marahaba bila kugeuka nyuma. Kwa mtu wa Tanga aliye Barking wakati wa baridi, hiyo peke yake ingetosha. Lakini Mzee Leonard alipika pia.

Alianza kuniletea pilau mwaka mmoja baada ya zile mashine kufika, kitufe kikiwa tayari ukutani. Kila Ijumaa saa sita alitoka stoo na hotpoti ya plastiki ya kahawia, ile yenye bakuli la chuma ndani, akaiweka mezani kibandani. "Karibu kidogo, Mama Saumu." Pilau ile, na inaniuma kusema, ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nilikula na Mzee Barasa, tukasifu, na jioni nikaibeba hotpoti nyumbani Ilford nikaioshe. Jumamosi asubuhi nilimpelekea kwake, mitaa miwili kutoka kwangu. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema nisihangaike kuirudisha kazini. Na bila shaka sikuirudisha tupu. Nyumbani kwetu ukiletewa chakula, chombo kinarudi na kitu ndani. Niliijaza maandazi, au kaimati, au visheti. Binti yangu Saumu, aliyezaliwa hapa hapa London, alinitazama nikiamka mapema kukanda unga akasema, "Mum, he gave you lunch. Just say thank you." Nikamwambia hivyo ndivyo tunavyosema.

Meno yakaendelea kupotea. Tulipekua soksi, tulipekua flaski, tulipekua kofia. Mzee Leonard mwenyewe alipekuliwa kila jioni, kitufe kilie kisilie, na akainua mikono huku akitabasamu, hana kitu. Funguo za stoo zilikuwa mbili: moja yake, na moja ya akiba kwa Mzee Barasa. Ofisini wakapiga hesabu fupi. Mwenye ufunguo wa kwanza anapekuliwa kila siku. Mwenye ufunguo wa pili hapekuliwi na mtu. Alhamisi moja walimwita Mzee Barasa, wakachukua ufunguo, daftari na tochi yake, wakamwambia akae nyumbani mpaka Jumatatu, na Jumatatu wataamua kama watamfukuza.

Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi. Alikuwa amevaa koti lake la nyumbani na sikuwahi kumwona nalo, nikaona jinsi alivyozeeka. "Mimi nimekamata watu hapa miaka yote hii," alisema. "Saa hii watasema nilikuwa nawakamata ili nibaki pekee yangu." Kazi ingepatikana nyingine, au isingepatikana. Lakini jina lake lilikuwa ni lile geti, na walikuwa wanalichukua. Basi likaja, na nikashindwa kumwambia hata kwaheri.

Ijumaa Mzee Leonard alileta pilau kama kawaida. "Pole kwa Mzee Barasa," aliniambia. "Mtu huwezi kumjua." Nilikula peke yangu.

Jumamosi hiyo nilikuwa na harusi Thornton Heath, kwa shoga yangu Zuhura aliyekuwa anamwoza mwanawe. Sikuwa na muda wa kupitia kwa Mzee Leonard, na kaimati zangu zilihitaji chombo. Nikazitia kwenye hotpoti yake, nikavuka London nayo, nikaiacha jikoni kwa Zuhura, nikala, nikacheza kidogo, nikarudi Ilford alasiri. Saumu alinipokea mlangoni.

"Mum, some man keeps calling about a hotpot."

Simu ikalia tena tukiwa bado tumesimama. Mzee Leonard aliuliza nimeshindaje, kisha akauliza hotpoti iko wapi. Nikamwambia iko harusini, inastarehe. Akasema sawa. Baada ya nusu saa akapiga kuuliza harusi ni mtaa gani. Magharibi akapiga kusema anaweza kuendesha gari mpaka Thornton Heath akaichukue mwenyewe, si taabu.

Nikaweka simu chini nikabaki nimesimama. Lazima niwaeleze hapa, kwa wale mliozaliwa kwingine, kwamba kwetu chombo hakidaiwi. Kinazunguka mpaka kinarudi, au hakirudi. Sufuria kubwa ya marehemu mama yangu ilikwenda kwa jirani, jirani akahama nayo, na mama alipokwenda kumtembelea alilishwa wali kutoka sufuria ile ile. Alisifu mapishi akarudi nyumbani. Hakusema neno! Kumuuliza mtu hotpoti yako mara moja ni utovu wa adabu. Mara nne kwa siku moja ni ugonjwa. Na Mzee Leonard alikaa Tanga miaka tisa, mila hiyo aliijua barabara. Ndiyo iliyomlisha maandazi yangu mwaka mzima. Ndipo nikakumbuka jinsi hotpoti ile ilivyokuwa nzito Ijumaa jioni hata nikishaimaliza, na jinsi nilivyojisemea kwamba vitu vya zamani vilitengenezwa imara.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Thornton Heath. Zuhura akaniambia hotpoti haipo, ameitia biriani la jana akampelekea jirani yake Mkongo, Mama Furaha, nyumba ya tatu. Tukaenda. Mama Furaha alitupokea kwa furaha, akaniambia hotpoti iko, ameiosha, lakini hawezi kuitoa.

"Mama, ntakurudishia aje bila kitu? Weye ikala. Napika sombe."

Nilimsihi. Nilimwambia ni jambo la kazi, ni la haraka, ni la maisha ya mtu. Akasema ndiyo maana ninahitaji kula. Tulikaa saa mbili tukisubiri majani ya muhogo yaive, mimi nikiitazama ile hotpoti juu ya kabati, na Mama Furaha akinisimulia mkutano wa kanisani kwake kuanzia wimbo wa kwanza. Nilikuwa mpekuzi mwenye ushahidi mbele ya macho yangu na sikuweza kunyoosha mkono. Adabu ilinifunga kama ilivyonifunga mwaka mzima.

Jikoni kwa Zuhura nilihamishia sombe kwenye sahani, nikaipindua hotpoti, nikafungua skrubu nne za chini kwa ncha ya kisu. Ile sponji ya kuhifadhi joto haikuwemo. Badala yake, kati ya plastiki na bakuli la chuma, mlikuwa na vifurushi vya kitambaa vilivyobanwa visigongane. Nikafungua kimoja. Meno yakamwagika mezani yakaning'aria.

Zuhura alisema, "Makubwa! Haya yanaliwa?"

Nilikuwa nahesabu Ijumaa. Kila Ijumaa jioni, mtu pekee asiyepekuliwa alikuwa amepita geti na mali ya kiwanda mkononi, akawaaga wenzake, akaipeleka mpaka mlangoni kwa mwizi, na juu yake akaweka kaimati. Polisi wangeniita nani? Msafirishaji. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikalia kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira ile, Mungu anisamehe, ilikuwa kwa sababu ya pilau.

Kulikuwa na njia rahisi. Ningeweza kusema nimeikuta hotpoti stoo. Mzee Leonard angeshikwa, na mimi ningekuwa shujaa. Lakini wangeuliza, meno mengine yalitokaje getini? Mkuu wa geti ni nani? Jibu lingekuwa Barasa tena. Ili Mzee Barasa atoke, ilibidi aingie mtu mwingine, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilifunga skrubu zangu, nikala sombe, maana hasira na njaa haviendi pamoja, nikarudi nyumbani.

Jumatatu niligonga mlango wa Bwana Jayanti bila kuitwa. Alikuwa nyuma ya meza, na juu ya meza lilikuwa daftari la upekuzi na tochi. Mzee Barasa alikaa upande mmoja, masharubu hayajachanwa. Upande wa pili alikaa Mzee Leonard, aliyeitwa aeleze habari za funguo. Niliweka hotpoti katikati.

Mzee Leonard aliitazama, uso ukamwisha rangi. "Mama Saumu," alisema taratibu, kwa Kiswahili chetu cha Tanga, "si ungenirudishia tu?"

"Nimekurudishia, Mzee. Na haikurudi tupu."

Nikaipindua, nikafungua skrubu mbele yao. Hakukataa. Alisema kuna mtu mwenye karakana Romford, akataja jina, kisha akaomba maji. Polisi walipokuja aliondoka nao kwa adabu, na mlangoni akaniambia, "Maandazi yako yalikuwa mazuri kweli." Sijui kwa nini neno hilo liliniuma kuliko wizi wenyewe. Sijawahi kupika pilau tangu siku ile bila kuilinganisha na yake.

Tulipobaki watatu Bwana Jayanti alinigeukia. "Sasa, mama. Hii hotpot, nani alitoa nayo geti?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Kila Ijumaa. Mwaka mzima. Mzee Barasa alitaka walinzi tupekuliwe, mimi ndiye niliyekataa. Nilimwona hana adabu. Kama kuna wa kufukuzwa, ni mimi."

"Na wewe narudisha kwake na nini ndani?"

"Maandazi. Siku nyingine kaimati."

Bwana Jayanti alifunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alicheka mpaka akatoa kitambaa. Kisha akasema kwa uzito kwamba hajui anifanye nini, kwamba ni mara yake ya kwanza kuibiwa na mtu asiyeiba. Mimi nilisimama pale nikisubiri.

Aliyesimama alikuwa Mzee Barasa. Akavuta daftari, akachukua tochi akaitia mfukoni mwake bila kumwomba mtu ruhusa, akaja mbele yangu.

"Mama Saumu. Fungua mkoba."

Nikaufungua. Mkono wake uliingia mpaka chini. Alitoa kitu kimoja kimoja, akakiweka juu ya meza ya bosi: tasbihi yangu, chupa ya dawa ya kifua, pasi ya basi, mifuko mitano ya supamaketi iliyokunjwa pembetatu, soksi moja ya Saumu, picha ya marehemu mume wangu, aliyoigeuza chini kwa heshima. Machozi yalinitoka nikayaacha. Sikuwahi kumwona mzee yule akifanya kazi yake vizuri namna ile.

Kisha akatoa kijiko cha chai, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mpini wake ulikuwa na chapa ya kantini.

"Hii ni ya nani?"

"Ya kiwanda," nilisema. Wallahi nilikuwa nimekisahau humo.

Bwana Jayanti akasema, "Barasa, wacha. Ni kijiko."

"Ndiyo, sir," alisema Mzee Barasa. "Ni kijiko." Akaketi, akafungua daftari ukurasa mpya, akaandika tarehe, saa, jina langu kamili, na chini yake: kijiko kimoja. Akaligeuza daftari upande wangu akanipa kalamu.

Barua ya onyo mtakayoikuta kwenye faili langu, ile moja tu, ni ya kijiko kile. Ya hotpoti haikuandikwa kamwe. Ile ya kijiko Mzee Barasa aliniandikia mwenyewe, kwa mkono, na nilipomaliza kuisoma nilimwambia shikamoo, nikatia sahihi.